Timu Iachane Lini na Kotabeki Wake Mkongwe? Jibu kwa Shabiki wa Green Bay

Ndugu msomaji,

Umeuliza swali ambalo mashabiki wa mpira wa Kimarekani hulirudia kila mwaka ifikapo Machi: je, Green Bay Packers walitenda sawasawa kumwachia Aaron Rodgers aende New York Jets mwaka 2023, ilhali muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, 2020 na 2021, na je, kipo kipimo ambacho timu yoyote inaweza kukitumia kujua kwamba wakati wa kuachana na kotabeki (mpiga pasi anayeongoza mashambulizi) mkongwe umewadia? Umeongeza kwamba, kwa maoni yako, mchezaji aliyeipa timu kombe anastahili kuondoka siku anayoitaka mwenyewe.

Kwa maoni yangu walitenda sawasawa, ila walichelewa mwaka mmoja, na kuchelewa huko kuliwagharimu. Kipimo nacho kipo, lakini si umri wala heshima. Timu inapaswa kumwachia mkongwe wake pale inapokuwa na mrithi ambaye makocha wamekwisha kumwona akiiva, na pale mkataba wa mkongwe unapofika mahali ambapo kuuvunja kunaumiza kidogo kuliko kuuendeleza. La kwanza likikosekana, karibu kila mara ni heri kuvumilia hata kama mkono wa mzee umeanza kuchoka.

Nianze na umri, kwa sababu ndiyo hoja inayotajwa sana na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tom Brady aliondoka New England Patriots Machi 2020 akiwa na miaka 42, akajiunga na Tampa Bay Buccaneers, na Februari 2021 akaifunga Kansas City 31 kwa 9 katika Super Bowl, fainali ya ligi. Brett Favre, ambaye Packers walimwona kuwa amefika mwisho, alitimiza miaka 40 katikati ya msimu wa 2009 akiwa na Minnesota Vikings, na katika msimu huo alipiga pasi 33 za tachidauni, yaani za kufunga, huku zilizonaswa na wapinzani zikiwa 7 tu. Kwa upande mwingine yuko Peyton Manning, aliyetamba Denver mwaka 2013 kwa tachidauni 55 na yadi 5,477, kisha miaka miwili tu baadaye, katika mechi ya Novemba 2015 dhidi ya Kansas City, akakamilisha pasi 5 kati ya 20, akapata yadi 35, pasi zake 4 zikanaswa, naye akatolewa nje kabla mechi haijaisha. Denver walitwaa Super Bowl msimu huohuo, lakini ni safu yao ya ulinzi iliyowabeba. Ukimtazama Brady utasema umri si kitu. Ukimtazama Manning utasema umri ni kila kitu, na kwa hiyo umri peke yake hauwezi kumwongoza meneja.

Jambo ambalo makocha hulitazama ni lipi? Kotabeki anayezeeka hapotezi kila kitu kwa pamoja. Kinachobaki muda mrefu ni kichwa: uwezo wa kusoma ulinzi kabla mpira haujachezwa, kubadilisha mpango mstarini na kujua ni nani ataachwa wazi. Kinachoondoka mapema ni miguu, yaani zile hatua mbili tatu za kumkwepa mkabaji, na uwezo wa mwili kupona kati ya Jumapili moja na nyingine, kisha nguvu ya pasi ndefu za kwenda pembeni mwa uwanja. Mkongwe mwenye akili huficha upungufu huo kwa muda: huutoa mpira haraka zaidi na kupiga pasi fupi zaidi, hivyo asilimia ya pasi zake zilizokamilika hubaki nzuri huku uwanja mzima ukizidi kufinyika mbele ya timu, kwa kuwa walinzi wamekwisha kujua kwamba hakuna haja ya kulinda nyuma. Drew Brees wa New Orleans alicheza hivyo mwaka 2020, msimu wake wa mwisho. Kwa hiyo takwimu zinazosomwa na mashabiki huanguka baada ya uwezo wenyewe kuanguka, na klabu inayongoja takwimu ziporomoke ndipo ichukue hatua imekwisha kuchelewa.

Sasa tuje Green Bay, timu ambayo imelifanya jambo hili mara mbili kwa mtindo uleule. Katika drafti ya mwaka 2005 (drafti ni mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu, na zamu hizo, yaani machaguo, timu hubadilishana), meneja mkuu Ted Thompson alimchagua Rodgers katika nafasi ya 24, wakati Favre alikuwa na miaka 35 na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumgusa. Rodgers alikaa benchi misimu mitatu. Katika kipindi hicho Favre alipitia msimu mbaya mno wa 2005, pasi zake 29 zikanaswa na timu ikashinda mechi 4 tu kati ya 16, kisha akafufuka mwaka 2007 na kuifikisha timu kwenye ushindi wa mechi 13 na mchezo wa nusu fainali dhidi ya New York Giants.

Mchezo ule wa Januari 2008 unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake tatizo lote la mkongwe linaonekana. Ilikuwa Lambeau Field, baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na matokeo yalikuwa 20 kwa 20 hadi muda wa kawaida ulipokwisha. Packers ndio waliopata mpira wa kwanza katika muda wa nyongeza. Katika jaribio la pili tu la mashambulizi Favre aliupeleka mpira upande wa Donald Driver, pasi ya kujiamini kuliko hali ilivyoruhusu, ukapungukiwa ndani, na Corey Webster akauchukua. Dakika chache baadaye Lawrence Tynes alipiga mkwaju wa yadi 47 na Giants wakaenda Super Bowl. Ni pasi ambayo Favre wa mwaka 1996 huenda angeipitisha. Favre wa mwaka 2008 aliiona nafasi vilevile, lakini mpira haukufika pale jicho lilipoutuma.

Machi mwaka ule Favre alitangaza kustaafu, na ilipofika Julai akataka kurudi. Klabu ilikwisha kumkabidhi Rodgers timu, ikakataa kurudi nyuma, na Agosti ikamuuza Favre kwa Jets. Mashabiki walichukia sana, na msimu wa kwanza wa Rodgers haukuwasaidia waliomtetea meneja, kwani Packers walishinda mechi 6 na kupoteza 10. Hata hivyo, aliyetazama uwanjani badala ya jedwali la ligi aliona kijana aliyepita yadi 4,000 na kupiga tachidauni 28. Februari 2011 alilitwaa kombe dhidi ya Pittsburgh kwa pointi 31 kwa 25. Nasisitiza hapa kwamba uamuzi wa 2008 ulikuwa sahihi hata kama Favre aling'ara Minnesota mwaka 2009, kwa sababu timu haikuwa ikichagua kati ya Favre mzuri na Favre mbaya. Ilikuwa ikichagua kati ya mwaka mmoja au miwili ya Favre na miaka mingi ya Rodgers ambaye mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni.

Mwaka 2020 meneja mpya, Brian Gutekunst, alirudia. Alipanda kutoka nafasi ya 30 ya drafti hadi ya 26, akatoa chaguo la raundi ya nne juu yake, na kumchukua Jordan Love. Rodgers alikuwa na miaka 36 na timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 13. Kilichofuata unakijua: Rodgers alijibu kwa tuzo mbili mfululizo. Wapo wanaosema hilo linathibitisha kwamba Love hakuhitajika. Mimi nasema halithibitishi lolote kuhusu Love. Linathibitisha tu kwamba mrithi huandaliwa kabla hajahitajika, la sivyo si mrithi bali ni mtu wa dharura.

Kosa, kwa mtazamo wangu, lilifanyika Machi 2022. Rodgers alikuwa na miaka 38 na thamani yake sokoni haikuwahi kuwa juu zaidi. Tarehe 8 ya mwezi ule, siku ileile aliyosema kwamba anabaki Green Bay, Denver walikubaliana na Seattle kumchukua Russell Wilson kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili, jingine la raundi ya tano na wachezaji watatu, Seattle nao wakirudisha chaguo moja la raundi ya nne. Denver walikuwa wamemwajiri Nathaniel Hackett, aliyekuwa mratibu wa mashambulizi wa Packers, awe kocha wao mkuu, na si vigumu kukisia walikuwa wakimtamani nani kwanza. Packers badala yake walimpa Rodgers mkataba wenye thamani ya takriban dola milioni 150 kwa miaka mitatu, wakampoteza mpokeaji wao bora Davante Adams kwa Raiders mwezi huohuo, na msimu ukaisha kwa ushindi mara 8 na vipigo 9, wakifungwa na Detroit nyumbani siku ya mwisho walipohitaji ushindi mmoja tu kuingia mtoano. Aprili 2023 walipomuuza hatimaye kwa Jets, walipata kupanda kutoka chaguo la 15 hadi la 13, chaguo moja la raundi ya pili, kubadilishana raundi ya tano kwa ya sita, na chaguo la mwaka uliofuata ambalo lingepanda hadi raundi ya kwanza iwapo Rodgers angecheza asilimia 65 ya majaribio ya mashambulizi ya timu katika msimu. Alicheza manne tu. Leonard Floyd wa Buffalo alimwangusha Septemba 11, kano ya kisigino ikakatika, na chaguo lile likabaki la raundi ya pili. Linganisha bei hiyo na ile aliyopata Seattle kwa Wilson mwaka mmoja kabla.

Lakini tuwatendee haki. Machi 2022 makocha walikuwa wamemwona Love akianza mechi moja tu, ile ya Kansas City Novemba 2021, ambayo Packers walifungwa 13 kwa 7 na kijana akaonekana kupotea kila alipotumiwa wakabaji wa ziada. Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa Novemba huko Philadelphia, Rodgers alitoka kwa maumivu ya mbavu na Love akaingia. Alikamilisha pasi 6 kati ya 9, yadi 113, na moja kati yake ilikuwa fupi ya katikati ambayo Christian Watson aliikimbiza hadi mwisho, yadi 63 kwa jumla. Timu ilifungwa usiku huo pia, lakini miguu ya Love ilikuwa imetulia, macho yake yalihama kutoka mpokeaji wa kwanza hadi wa pili bila pupa, na mpira ulitoka kwa wakati. Sidhani kwamba uamuzi wa 2023 ungefanyika kwa utulivu ule bila zile pasi tisa na mazoezi ya msimu mzima yaliyokuwa nyuma yake. Msimu wake wa kwanza kama mwenye timu, Love alipata yadi 4,159 na tachidauni 32, Packers wakaifunga Dallas 48 kwa 32 katika mtoano, wakatolewa na San Francisco kwa pointi 3.

Upande wa fedha unahitaji maelezo kidogo kwa aliyezoea soka letu, ambako klabu yenye mfadhili inaweza kumlipa mkongwe na mrithi wake kwa pamoja bila mtu kuuliza. Katika ligi ya Marekani kila timu ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2023 kilikuwa dola milioni 224.8. Bonasi ya kusaini hulipwa mchezaji mapema, lakini katika hesabu za kikomo hugawanywa kwa miaka ya mkataba isiyozidi mitano. Tuseme, kwa mfano tu, bonasi ni milioni 50 kwa miaka mitano: kila mwaka hesabu hubeba milioni 10. Mchezaji akiondoka baada ya miaka miwili, zile milioni 30 zilizobaki hazifutiki. Hurundikwa kwenye hesabu za timu aliyoiacha, ingawa tayari anachezea wengine. Wenyewe huita pesa mfu. Rodgers aliwaachia Packers takriban dola milioni 40 za aina hiyo mwaka 2023, yaani zaidi ya moja ya sita ya kikomo chote kwa ajili ya mtu aliyevaa jezi ya Jets. Denver walifanya vibaya zaidi: walipomwacha Wilson Machi 2024 walibaki na mzigo wa takriban milioni 85 uliogawanywa kwa miaka miwili. Hata hivyo walimchagua Bo Nix katika nafasi ya 12, wakashinda mechi 10 na kuingia mtoano msimu uleule, jambo linaloonyesha kwamba pesa mfu huumiza lakini haiui, mradi anayeshika nafasi analipwa mshahara wa chipukizi.

Hapo ndipo mtindo wa Green Bay una kasoro ambayo wanaousifu huisahau. Mkataba wa chipukizi wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, na timu ina haki ya kuongeza wa tano kwa malipo makubwa zaidi. Love alitumia mitatu ya kwanza akiwa benchi. Kwa hiyo, alipoanza kucheza, unafuu wa kuwa na kotabeki wa bei ndogo ulikuwa karibu umekwisha, na Julai 2024 klabu ililazimika kumpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 220. Kansas City walifanya kwa ustadi zaidi. Mwaka 2017 walipanda hadi nafasi ya 10 kumchukua Patrick Mahomes, wakamkalisha nyuma ya Alex Smith msimu mmoja tu, na ingawa Smith aliongoza ligi nzima kwa alama za ubora wa pasi mwaka huohuo, walimuuza kwa Washington. Mahomes akapiga tachidauni 50 mwaka 2018. Mwaka mmoja wa kujifunza, miaka kadhaa ya kunufaika na mshahara mdogo: kama ningekuwa na haki ya kuchagua, ningechagua njia hiyo.

Na timu isiyokuwa na mrithi? Patriots walimwacha Brady aondoke bila mtu nyuma yake, kwa kuwa Jimmy Garoppolo, aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, walikwisha kumuuza San Francisco mwaka 2017. Walishinda mechi 7 na kupoteza 9. New Orleans walimuaga Brees Machi 2021, wakajaribu makotabeki wa kila namna, na katika misimu minne iliyofuata hawakuingia mtoano hata mara moja. Kwa timu ya namna hiyo ushauri wangu ni mwepesi: mwache mkongwe acheze hata kama anachechemea, lakini drafti ijayo isipite hivihivi.

Sasa hoja yako ya heshima. Naielewa, na sidharau uchungu wa shabiki anayemwona mchezaji aliyemlea akivaa jezi ya wengine. Mashabiki wa Packers walimzomea Favre Lambeau mwaka 2009, na ilibidi ifike 2015 ndipo namba yake 4 istaafishwe kwa shangwe uwanjani hapohapo. Lakini kumwachia mchezaji achague siku yake ni kumpa mtu mmoja uamuzi unaowahusu wachezaji wengine 52, ambao wengi wao hawatafikisha hata miaka mitano kazini. Heshima iko katika namna ya kusema: aambiwe mapema, aambiwe ana kwa ana, na apelekwe anakotaka pale inapowezekana. Indianapolis walimwachilia Manning Machi 2012, kabla bonasi ya dola milioni 28 haijaiva, wakamwacha achague timu mwenyewe, na yeye na mmiliki Jim Irsay waliketi pamoja mbele ya waandishi kutangaza. Colts wakamchukua Andrew Luck na kushinda mechi 11 kwa kila mmoja wa misimu mitatu iliyofuata, naye Manning akapata Super Bowl nyingine.

Green Bay wana faida moja isiyozungumzwa sana: hawana tajiri mmoja mwenye timu. Klabu inamilikiwa na wenye hisa wanaozidi nusu milioni, na mtu mwenye neno la mwisho kuhusu wachezaji ni meneja, ambaye hali chakula cha usiku na kotabeki. Giants, timu yenye wamiliki wa kifamilia, ni kinyume chake. Mwaka 2017, timu ikiwa na ushindi mara 2 na vipigo 9, kocha Ben McAdoo alimweka benchi Eli Manning, akakata mfululizo wake wa mechi 210, na akampanga Geno Smith, ambaye hakuwa mrithi bali mpitaji. Mashabiki walichachamaa, na siku chache baadaye McAdoo na meneja mkuu Jerry Reese wakafukuzwa kazi. Manning akarudishwa, na uongozi mpya ukaamua kwamba bado ana miaka ndani yake. Aprili 2018, wakiwa na chaguo la pili katika drafti, walimchukua mkimbiaji Saquon Barkley. Kotabeki Josh Allen alikuwepo hadi nafasi ya 7, na kotabeki mwingine, Lamar Jackson, hadi ya 32.